Semina ya siku mbili haimtoshi mwezeshaji: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mafunzo ya walimu wa elimu ya watu wazima, ambao wengi wetu tunawaita wawezeshaji. Zilizofanana nimeziunganisha. Walioandika bila kutaja wanafundisha ngazi gani wataniwia radhi kwa kutowajibu, kwa kuwa mahitaji ya mwezeshaji wa kisomo cha awali, yaani anayewafundisha watu wazima kusoma na kuandika, hayafanani na ya yule anayeandaa vijana kwa mtihani wa maarifa (QT), wa kuwawezesha kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wa miaka mingi, na mwalimu mkuu amenikabidhi darasa la kisomo la jioni. Kwa nini nipelekwe tena mafunzoni, ilhali KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndiyo kazi yangu ya kila siku? (Mwalimu, Sengerema)

Kwa sababu kazi yako ya kila siku ni kumfundisha mtoto, na huyu si mtoto. Mama muuza dagaa anayeketi mbele yako jioni huenda anahesabu haraka kuliko wewe. Mwambie unataka sado tatu za shilingi 4,000 kila moja, akupunguzie 500, nawe unampa noti mbili za elfu kumi. Atakutajia chenji ya 8,500 kabla hujapata kalamu. Anachokosa ni namna ya kuyaandika anayoyajua tayari, hivyo somo lako la hesabu lianzie kwenye hesabu zake za sokoni, kisha zishuke polepole kwenye daftari. Ukimwanzishia vijiti na vifuniko vya soda umemfanya mtoto mbele ya majirani zake. Kesho hatakuja, wala hatakwambia sababu. Atasema alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Liko pia suala la macho, ambalo mwalimu wa darasa la kwanza hana sababu ya kulifikiria. Watu wengi wakishavuka miaka 40 huanza kupata shida ya kuona maandishi ya karibu. Utamwona mwanakisomo anausogeza mbali ukurasa hadi mkono unanyooka, anakunja uso, kisha anasema ameacha kitabu chake nyumbani ili asiitwe kusoma, na mwezeshaji asiyefunzwa anaandika katika taarifa yake kwamba mwanafunzi huyo ni mzito. Mtu huyo anahitaji miwani ya kusomea. Nenda mafunzoni, mwalimu, na kama wakufunzi hawatalitaja jambo hili, litaje wewe.

Cheti kinatolewa baada ya siku ngapi? (wasomaji wengi)

Swali hili hurudi kila mara, na wanaoliuliza hawasemi ni mafunzo gani. Cheti cha kuhudhuria hutolewa siku ya mwisho, nacho kinathibitisha kwamba ulihudhuria.

Halmashauri yetu imepata fedha za semina ya siku mbili kwa wawezeshaji 40. Ni mada zipi zinafaa? (Afisa elimu ya watu wazima)

Ndugu afisa, kabla ya mada, jiulize ni nani atakayeingia katika madarasa hayo wiki ya tatu baada ya semina. Kama jibu ni hakuna, mada zozote zitafaa, maana hazitatumika.

Najua utanikumbusha Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio iliyofanyika Tanzania mwaka 1973, kama wanavyonikumbusha wenzako kila ninapoandika hivi. Ni kweli kwamba viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa muda mfupi tu, kwa ngazi, walioko juu wakiwafunza wa chini yao, na vikundi vyao vilikusanya watu wanaokaribia milioni 2. Lakini wanaoitaja kampeni ile kutetea semina fupi husahau kilichofuata. Kiongozi wa kikundi alirudi kijijini akiwa na kitabu mkononi, na kwa wiki 12 redio ilimletea kipindi cha somo la wiki ile. Kikundi kikasikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba choo au kufyeka mazalia ya mbu. Mafunzo yake yaliendelea hewani muda wote wa kampeni. Sisi tumebakiza zile ngazi za kushushiana mafunzo, tukaiondoa redio, halafu tunashangaa kwamba yanafika chini yakiwa yamechuja.

Ushauri wangu ni huu. Tumia siku moja ukumbini, na fedha zinazosalia zilipe nauli za wawezeshaji wachache wazoefu, ili kila darasa litembelewe angalau mara mbili katika muhula na mtu atakayeketi nyuma kimya mpaka kipindi kiishe. Aangalie ni nani anayeongea zaidi, mwezeshaji au wanakisomo. Aangalie pia kama wanasoma kweli au wamekariri, na hili halihitaji mtaalamu: mwanakisomo akishasoma ukurasa kwa sauti, funika picha, kisha mwonyeshe neno lile lile katika mstari mwingine. Wapo wanaosoma ukurasa mzima bila kukosea na hawawezi kulitambua neno “maji” likihamishwa mstari, na mwezeshaji wao hajawahi kugundua kwa sababu siku zote huanzia juu. Siku ya pili ya mafunzo ifanyike wiki sita baadaye, madaftari ya wanakisomo yakiwa mezani badala ya makabrasha. Mhasibu atalalamika kwamba fedha za semina hazigawanywi hivyo. Mpelekee maelezo kwa maandishi mapema, usingoje mkaguzi afike.

Tumefundishwa andragojia kwa saa tano, kwa slaidi, nami sijaelewa inanihusu vipi. (Mwezeshaji, Kondoa)

Andragojia ni taaluma ya kufundisha watu wazima. Hoja yake kubwa, iliyoenezwa na Mmarekani Malcolm Knowles, ni kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, hutaka kujua faida ya anachojifunza, na hujifunza vizuri akishirikishwa. Mkufunzi aliyewahubiria hayo watu wazima kwa saa tano bila kuwauliza chochote hakuwa ameyaelewa yeye mwenyewe. Wala hatukuhitaji kwenda mbali kulijua hili: mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi (sasa Kagera), kwa msaada wa UNESCO, ulitunga vitabu vya kusomea juu ya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani juu ya kazi za wasomaji wake.

Mzee Kimani Maruge alisoma pamoja na watoto. Kwani kuna haja gani ya walimu maalumu wa watu wazima? (Msomaji, Eldoret)

Mzee Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi, na dunia nzima ikamshangilia. Tulimshangilia kwa sababu alikuwa wa pekee. Sera haijengwi juu ya ushupavu wa mtu mmoja. Wengi wa rika lake wasingethubutu kuvuka lango la shule. Kenya yenyewe ilitunga sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima tangu mwaka 1966, kwa hiyo swali lako lilishajibiwa nyumbani.

Nisome wapi taaluma hii?

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere na kujitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Ulizia pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sifa za kujiunga ziulize huko huko. Mimi si ofisi ya udahili.

Je, kundi la WhatsApp laweza kuchukua nafasi ya semina?

Laweza, likiwa na kiongozi anayefuta salamu na matangazo ya harusi, na kama kila mwezeshaji atatuma kila wiki picha ya daftari moja na swali moja.

Wawezeshaji wanagoma kuhudhuria mafunzo yasiyo na posho. Tufanyeje? (Mratibu, Lindi)

Nauli na chakula ni haki yao, na kumwita mtu atumie fedha yake ni dhuluma. Posho ya kukaa kitini ndiyo ninayoipinga, kwa kuwa imewazoesha watu kuzihesabu siku za semina kama mavuno. Lakini msianze kwa kuwalaumu. Kati ya mwaka 1975 na 1986 vipimo vya taifa vya kisomo hapa Tanzania vilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka asilimia 39 hadi 9.6, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea, wakiwamo waliomaliza darasa la saba, kwa malipo madogo. Hali ya uchumi ilipoharibika, malipo hayo yakawa ya kusuasua na usimamizi ukalegea, nao wakaondoka mmoja mmoja. Mwezeshaji anayedai posho ya semina mara nyingi ni yule ambaye malipo yake ya darasa hayajafika kwa miezi kadhaa. Lipeni kwanza malimbikizo hayo, kisha itisheni mafunzo.