Jibu: Garratt zilitengenezwa wapi, na mbona zilikuwa kama injini mbili?

Kaka umeuliza kama zile Garratt, injini kubwa za treni za mvuke, zilitengenezwa Nalukolongo, karakana ya reli kule Kampala, na kwa nini zilikuwa kama treni mbili zimeunganishwa. Hapana bana, ubunifu ni wa Muingereza Herbert William Garratt, alichukua hataza 1907, na kiwanda kilichozifanya zijulikane ni Beyer Peacock pale Manchester. Huku kwetu Afrika Mashariki zilianza kuja 1926.

Sasa hiyo kuonekana mbili ndo akili yenyewe. Boila, lile pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, imekaa katikati juu ya fremu yake, chini yake hakuna magurudumu kabisa, kwa hiyo wakaweza kuifanya nene na jiko likashuka chini vizuri, halafu mbele kuna seti ya magurudumu na tangi la maji, nyuma seti nyingine na mafuta, na kila seti inageuka kivyake kwenye kona. Reli yetu ya zamani ni nyembamba, upana mita 1 tu, kona na milima kibao, ungepitishaje injini ndefu iliyonyooka?

Kati ya aina za Garratt zilizokuja huku, Klasi ya 59 ndo babu lao, zilikuwa 34, tani kama 250 kila moja, zina majina ya milima, lakini hizo zilipiga sana Mombasa–Nairobi. Klasi 60 zilibeba majina ya magavana wa mkoloni, uhuru ulipokuja yakang'olewa, sawa kabisa.

Ukifika Nairobi nenda makumbusho ya reli umwone 5918, Mount Gelai. Mimi nilisimama pembeni ya boila nikainua mkono, sikufika juu hata kidogo.