Muulize Sista: Baba amefungwa mikono ICU, niulize nini?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka ICU, yaani vyumba vya wagonjwa mahututi, nyingine zimeandikwa pembeni kabisa ya kitanda. Nimezifupisha na majina nimeyaficha. Nimeanza kazi kwenye vyumba hivyo nikiwa nesi kijana, nikaondoka nikiwa mkuu wa wauguzi, kwa hiyo nitawajibu kama nilivyozoea kuwajibu ndugu mlangoni, bila kuzunguka.

*Sista, baba yangu yuko kwenye mashine ya kupumulia. Ni mwalimu mstaafu, mtu mpole. Sasa ananitazama kama hanijui, anavuta mipira, na jana nimemkuta amefungwa mikono kitandani. Mashine inalia na nesi haji mbio. Je, baba ndiyo ameshaharibika akili? Na mimi naruhusiwa kuuliza nini? – Binti wa Mwalimu*

Pole sana, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: baba yako hajawa mwendawazimu. Ubongo wake umevurugwa na ugonjwa, dawa, maumivu na kukosa usingizi. Hali hiyo inaitwa diliriamu, na inawapata wengi sana walio kwenye mashine. Kwa kawaida hupungua kadiri ugonjwa wenyewe unavyopungua, ingawa wengine huchukua muda mrefu kurudi sawasawa. Anayevuta mipira huonekana na kila mtu. Mimi namwogopa zaidi yule anayelala kimya akitazama dari, ambaye zamu nzima inamsifu kuwa “ametulia”, kumbe naye kachanganyikiwa vilevile na hakuna aliyempima.

Sasa, baba yako anavaa miwani? Anatumia kifaa cha masikioni? Vipeleke. Kuna mzee alikuwa akiandikwa kwenye faili zamu baada ya zamu kwamba hafuati maagizo. Mkewe akaja na kifaa cha masikio ndani ya mkoba, akamvalisha. Nikamwambia, “Mzee, nikaze mkono.” Akaukaza mpaka mimi ndiye nikaomba aniachie. Ukifika mtajie jina lako, siku ya leo na mahali alipo, hata kama hajibu. Mweleze mambo ya nyumbani. Usimuulize maswali mengi, maana akiwa na mpira mdomoni hawezi kutoa sauti, na kushindwa kujibu kunamtesa.

Mikono nayo. Kuifunga ni mazoea ya ICU nyingi, na sikubaliani nayo inapofanywa kuwa jambo la kila siku lisilohojiwa. Aliyefungwa huhangaika zaidi, na bado wapo wanaofanikiwa kung’oa mpira wakiwa wamefungwa. Kabla ya kamba kuna mambo ya kutazama: ana maumivu? Mpira wa mkojo umeziba, kibofu kimejaa? Mpira wa mdomoni unamkwaruza? Muulize nesi kwa adabu: “Sista, amefungwa kwa sababu gani, na mtaangalia saa ngapi kama bado kuna haja?” Omba pia afunguliwe ukiwa umekaa naye umemshika mkono. Lakini usifungue mwenyewe. Mpira wa kupumulia ukitoka ghafla, dakika chache tu zinatosha kuleta maafa.

Swali jingine la kumuuliza daktari akipita asubuhi: “Leo dawa za usingizi zitapunguzwa?” Zamani tuliwalaza wagonjwa wa mashine usingizi mzito siku nzima, tukiamini tunawahurumia. Mwaka 2000 madaktari wa Chicago walichapisha utafiti wa wagonjwa 128. Ambao dawa zao zilisimamishwa kila siku mpaka waamke walikaa kwenye mashine siku 4.9 kwa wastani wa kati, wakati wenzao walikaa siku 7.3. Baba akiamshwa anaweza kukohoa na kuhangaika, na wewe utaumia kumwona hivyo. Vumilia, kama daktari amekwambia ni salama kwake.

Kuhusu kulia kwa mashine, sehemu kubwa ya milio hiyo haihitaji mtu kukimbia. Kifaa cha kidoleni kimelegea, vidole vimepata baridi, mgonjwa amekohoa. Nesi mzoefu hutazama kifua na rangi ya midomo kwanza, ndipo atazame kioo. Hata hivyo, hofu yako ina msingi, kwa sababu sikio linalosikia milio ya bure kutwa nzima huacha kusikia. Dawa yake ni kupanga viwango vya alamu kulingana na mgonjwa aliyepo. Mtu ambaye mapigo yake ya kawaida ni 110 akiwekewa alamu ya 100, italia mpaka kesho. Kwa hiyo uliza, “Hii inalia kwa sababu gani?” Swali hilo halimkeri nesi mwenye akili timamu.

*Dada, nimeajiriwa ICU hivi karibuni. Juzi daktari bingwa aliweka mpira wa mshipa mkubwa wa shingo bila gauni wala shuka kubwa la kumfunika mgonjwa, eti ana haraka. Hakukuwa na dharura. Nilinyamaza. Ningesema nini, mimi mdogo hivi? – Nesi Mgeni*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na nitajibu kwa kirefu.

Mwaka 2001 daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika orodha ya mambo matano ya kuzuia maambukizi ya mipira hiyo. Nawa mikono. Safisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi, na wewe vaa kofia, barakoa, gauni na glovu safi. Epuka mshipa wa kinena ukiweza. Ondoa mpira usiohitajika tena. Hakuna hata moja ambalo daktari yeyote alikuwa halijui! Jipya lilikuwa kwamba nesi alikabidhiwa orodha na kupewa mamlaka ya kusimamisha kazi pale hatua inaporukwa, isipokuwa kwenye dharura, na wakubwa wakaahidi kusimama upande wake. Vifaa vyote vikawekwa kwenye toroli moja, ili asiwepo wa kusingizia kwamba gauni liko stoo.

Mpango huo ukapelekwa kwenye ICU za jimbo la Michigan. Matokeo ya ICU 103 yalichapishwa mwaka 2006. Kiwango cha kati cha maambukizi ya damu kilikuwa 2.7 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mipira, na ndani ya miezi mitatu kikafika sifuri. Wengi wakiisimulia habari hii huisifu karatasi. Mimi naona karatasi bila ile ahadi ya wakubwa ni ya kufungia maandazi.

Kwa hiyo usianze na daktari, anza na mkuu wako wa wauguzi. Muulize waziwazi: “Nikimsimamisha daktari kwa sababu ya usafi, utanitetea?” Akisita, umeshajua tatizo la wodi yenu liko wapi, nalo haliishi kwa wewe peke yako kuwa jasiri. Akikubali, siku nyingine simama pembeni ya toroli kabla daktari hajagusa kitu, gauni umeshalikunjua, umelishika mabegani tayari kwa kuvalishwa, na useme, “Daktari, gauni hili hapa.” Mkono wake utaingia kwenye gauni hilo wenyewe. Akikataa: “Daktari, nina wasiwasi na usalama wa mgonjwa, naomba tusimame kidogo.” Sentensi hiyo izoee ukiwa nyumbani, kwa sauti, mpaka isitetemeke. Wapo watakaokununia. Wataacha.

Na mpira ukishawekwa, kazi ndiyo imeanza. Kila unapotaka kuchoma dawa, kwanza sugua kizibo kwa spiriti, uache pakauke. Tazama bandeji: imeloa, imebanduka? Kila asubuhi kwenye raundi uliza kwa sauti: huu wa shingoni bado unahitajika leo? Na wa mkojo? Kuna mipira inayobaki mwilini kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

*Kwa nini kitanda cha mama kimeinuliwa kichwani? Kila nikimwona ameteleza chini. – Mtoto wa Mwisho*

Kinainuliwa kati ya nyuzi 30 na 45 ili mate na vitu vya tumboni visiteremke mapafuni na kuleta nimonia. Akiteleza, faida imepotea na ngozi ya makalioni inakwaruzika, basi mwite nesi amvute juu. Usimvute peke yako. Uliza pia kama anapigwa mswaki, na kama anageuzwa usiku kama anavyogeuzwa mchana.

*Manesi wawili walisimama kwa mama wanasomeana dawa moja kwa sauti, kama hawaaminiani. Nikamuuliza mmoja jambo, akaninyamazia. Ni dharau? – Aliyekwazika*

La, ndugu yangu, hapo umeona kazi nzuri. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 1995 ulihesabu vitendo 178 kwa wastani anavyofanyiwa mgonjwa mmoja wa ICU kwa siku, na makosa 1.7. Ni kama asilimia 1 tu, lakini hayo ni makosa karibu mawili kila siku kwa mtu ambaye hana nguvu ya kustahimili hata moja. Kwa dawa kama insulini au potasiamu, nukta iliyohama nafasi moja inaweza kuua. Ndiyo maana wanasomeana. Anayehesabu dozi usimsemeshe, subiri aweke sindano chini.

*Mume wangu ametoka ICU salama, tunamshukuru Mungu. Lakini nyumbani anaota ndoto za kutisha, amekonda, hawezi kupanda ngazi, na ananikasirikia. Ni kawaida? – Mke Mwenye Furaha na Hofu*

Hongereni. Ndiyo, inawapata wengi: misuli hunyauka kwa kulala, kumbukumbu huja vipandevipande, na ndoto hujaza mapengo. Msimulie yaliyotokea kwa mpangilio, siku kwa siku, kadiri unavyokumbuka. Baadhi ya ICU huandika shajara ya mgonjwa kwa ajili hiyo, waulize kama ipo. Atembee kidogo kila siku. Ndoto na hasira zikiendelea, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Mkienda kliniki bebeni dawa zote alizopewa, mkamwombe daktari azipitie moja moja. Dawa za tumbo na za kutuliza zilizoanzishwa ICU mara nyingi huendelea kumezwa nyumbani hata kama sababu yake iliisha zamani. Ila msiache hata moja kabla ya kumwona.