Unayehamia Kigoma na mume rubani wa misheni: hicho kifaa usikipokee

Dada, umeuliza mambo manne: mtaa wa kupanga nyumba, shule ya watoto wawili, kama utaweza kufanya biashara, na malaria. Halafu ukamalizia kwa furaha kwamba shirika limekuteua wewe kufuatilia safari za mumeo angani ukiwa nyumbani, kwa kifaa watakachokupa, "kama sehemu ya huduma". Nilipofika hapo nikaacha chai ikapoa. Kataa leo hii, kabla hamjafunga mizigo.

Mimi ni wa Kisauni, Mombasa. Tulifika Kigoma na mtoto wa mwaka mmoja, mume akirusha Cessna 206 kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa ambako barabara ya wakati ule ilikuwa ya kuombea dua. Wiki ya kwanza akaja mke wa rubani aliyetutangulia, kashika redio kwa mikono miwili kama analeta keki. "Mke wa rubani ndiye mnara wake wa kuongozea ndege," akaniambia. Mgeni mimi, nikaona nimeheshimiwa. Nimebebeshwa kazi ya mtu wa mshahara, bure, na soda nikamnunulia.

Redio ikakaa meza ya kulia. Kila nusu saa mume anaita kutoka angani: yuko wapi, mafuta yamebaki kiasi gani, kabeba watu wangapi, nami naandika kwenye daftari. Ikipita nusu saa tangu muda aliotakiwa kuita na hajaita, hatua ya kwanza ya mashaka imeanza, unatakiwa kuwaarifu waongoza ndege na kuulizia viwanja vya jirani. Kwa hiyo sokoni Mwanga huendi, kuoga unaoga mlango wazi. Nilijua kukaanga mgebuka, samaki wa ziwani, kwa mkono mmoja. Miaka mitatu nikaishi hivyo na nikajisifu kanisani.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili, mvua za kutosha. Mtoto, wakati huo ana miaka minne, kaamka anachemka. Nikampa panadol nikasema baba akitua tu twende tukapime. Hapo nichekeni, maana kipimo cha kutoboa kidole kinatoa jibu kabla ugali haujaiva vizuri na zahanati ilikuwa nyuma ya nyumba. Saa tisa na nusu mume kaita, yuko upande wa milima ya Mahale, wingu limefunika kilele cha Nkungwe. Mlima ule una mita 2,462 na umesimama hapo hapo kando ya ziwa, haubembelezwi. Saa kumi kimya. Saa kumi na nusu kimya. Nimeng'ang'ania kipaza sauti, mtoto ananivuta kanga anataka maji, nikamwambia subiri baba aongee kwanza.

Degedege ilipoanza nilikuwa nimempa mgongo.

Jirani, mama mmoja wa Kiha anayeuza mawese, ndiye aliyembeba akapanda naye bodaboda mpaka hospitali. Mimi sikwenda. Nikiondoka pale mezani, hakuna mwingine wa kumtafuta baba yake. Bosi wa makao makuu, huko pwani, kwenye simu ananiuliza kama giza limeshaingia. Hajui kwamba huku jua linachelewa, mwezi huo linazama saa moja imeshapita. Nikamjibu kwa adabu zote. Daftari lile ninalo hadi leo: 16:00 kimya, 16:30 kimya, 17:00 kimya. Mwandiko umenyooka kama wa mtoto anayefanya mtihani.

Saa kumi na mbili simu ikaita. Bwana yuko Mpanda, anakunywa chai. Aliliona wingu akageuza, na waya wa antena ulikuwa umekatika. Alifanya kila kitu sawasawa, hata wa kumgombeza sikupata. Mtoto akalazwa siku tano, akaongezwa damu. Sasa yuko kidato cha pili, mzima, mkorofi kupindukia. Migebuka nayo iliungua, kama kuna anayeuliza.

Yule mama wa redio nilimpigia baadaye. Eti yeye hakuwahi kupata shida! Apate wapi, watoto wake wote walikuwa bweni nje ya nchi. Siku ya soda hilo hakulitaja.

Najua utaniambia siku hizi si redio, ni kifaa cha satelaiti, nukta inatembea kwenye simu. Ni redio ileile imevaa suti. Nukta ikiganda dakika kumi kwa sababu ya mtandao, wewe umekufa dakika kumi. Afuatilie mtu wa ofisini, alipwe, jina lake liandikwe, na akiugua awepo wa pili. Wewe unapigiwa simu kwa mambo mawili tu: ametua, au amechelewa na wameshaanza kumtafuta. Mume wangu alibisha. Nikamwambia sawa, basi Jumanne na Alhamisi nami nitakuwa narusha ndege. Ndani ya wiki mbili ofisi ikawa imepata kijana.

Eh, maswali yako. Kibali cha mtegemezi peke yake hakikupi ruhusa ya kufanya kazi, hiyo biashara iulizie Uhamiaji kwanza. Nyumba utapata. Shule zipo, wengine watakuelekeza. Na huyo aliyekuteua, muulize watoto wake wanalala wapi.