Maswali ya Wasomaji: Garratt ya barazani, gesi ya treni na magurudumu yanayopasuka

Tangu tuweke ile picha ya treni ndogo ya mvuke kwenye toleo lililopita barua zimemiminika, na nyingi zinauliza kitu kimoja, ninunue ipi nianze nayo. Tumechagua chache. Zile za kuuliza bei mtusamehe, bei inategemea nani analeta na forodha imeamkaje siku hiyo.

Fundi, sasa? Mimi nimezaliwa kwa kota za reli pale Voi, mzee wangu alikuwa faiamani, mchochea moto wa injini, na hizo Garratt kubwa, injini za mvuke za reli, tulikuwa tunazisikia usiku zikienda Nairobi. Sasa nimestaafu, niko na baraza ya mita sita kwa tatu, nataka Garratt yangu ndogo, ya modeli. Kijana wangu ako Uingereza anasema ataniletea treni ya 00 sababu ndiyo imejaa kwa maduka huko. Nimwambie alete? – Mstaafu, Voi

Shikamoo mzee. Mwambie asubiri kwanza, manake hapo kuna hesabu ambayo ukiikosa utakuja kuudhika kila ukiangalia hiyo reli.

Reli yetu ya zamani, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, ni ya upana wa mita moja, yaani milimita 1000. Treni za 00 zimepunguzwa mara 76 na zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5, sasa zidisha mwenyewe 16.5 mara 76, unapata kama 1254. Hata kwa treni za Kiingereza zenyewe hiyo ni nyembamba kuliko reli yao ya 1435, na kwa Garratt yako itakuwa pana kupita kiasi. Kwa hiyo ukiweka injini ya Kenya juu ya reli ya 00, mtu aliyekulia kota kama wewe ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kusema ni nini.

Njia zinazokubali hesabu ni mbili. Ya kwanza ni H0m, imepunguzwa mara 87 na reli yake ni milimita 12, hapo 12 mara 87 ni 1044, karibu kabisa. Geji hii, yaani upana huu wa reli, inatumika sana na wapenzi wa treni za Uswisi na zile za mvuke za milima ya Harz kule Ujerumani, ambazo nazo ni za mita moja, kwa hiyo reli na swichi zake zinapatikana, kampuni kama Bemo wako nayo miaka mingi. Na msomaji wetu mmoja wa Mbeya aliyeuliza kuhusu TAZARA, hii hii inakufaa, reli yenu ni 1067 na ukigawa kwa 87 unapata 12 na pointi. SGR sasa ni 1435, hiyo ndiyo ya milimita 16.5 ya H0 ya kawaida.

Njia ya pili ndiyo ningependa mimi kwa baraza yako, ni ile ya bustani, kampuni ya LGB na jamaa zake, reli ya milimita 45 na skeli ya 1:22.5, yaani imepunguzwa mara 22.5. Fanya hesabu, ni 1012. Wajerumani walianza kuiuza mwaka 1968 na inavumilia kukaa nje. Kona yake ndogo kabisa ina nusu kipenyo cha sentimita 60, kwa hiyo duara zima linahitaji kama mita moja na robo tu, baraza yako inatosha na kiti cha kukalia kinabaki.

Ila sasa tuongee ukweli kuhusu Garratt yenyewe. Zile za mwisho, klasi ya 59, zilijengwa na Beyer, Peacock pale Manchester miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja zaidi ya tani 250, na ndizo injini za mvuke kubwa na zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja duniani. Urefu karibu mita 32. Kwa 1:22.5 hiyo ni mita moja na sentimita 40 ya injini peke yake kabla hujafunga behewa hata moja! Kwenye baraza ya mita sita itakuwa inajifukuza mkia. Kwa H0m inakuwa sentimita 36 au 37, meza inaweza. Kwa hiyo kama ni lazima iwe Garratt ya 59 chukua H0m, na kama raha yako ni kukaa nje na chai treni inazunguka, chukua ya 45 na injini ndogo zaidi.

Na usije ukauziwa Garratt yoyote tu kwa jina. Kuna ile ya NGG16 inayopendwa sana na watu wa mvuke, nzuri kweli, lakini hiyo ni ya reli za futi mbili za Afrika Kusini, ni mtoto kwa ile ya babako. Kabla hujatoa hela panda gari nenda makumbusho ya reli Nairobi, namba 5918 iko pale, Mount Gelai, zote zilipewa majina ya milima ya kwetu na Gelai uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Simama katikati yake uangalie boila ilivyobebwa, imekalia fremu yake yenyewe na huku na huku kuna injini mbili zinazojigeuza peke yake. Piga picha za hapo kwenye maungio, ndipo fundi yeyote wa modeli atakapokuuliza maswali.

Mambo fundi, kaka yangu amerudi kutoka Uingereza na treni ya mvuke ya ukweli, inatumia gesi na maji, siyo umeme. Anataka kuiwasha sebuleni watoto waone. Mimi naogopa mwenzenu. Ina hatari au ni woga wangu? – Dada mtu, Tanga

Woga wako una akili dada. Nje, siyo sebuleni, na hapo hatubishani.

Kile kiboila ni cha shaba na kimeunganishwa kwa silva, ni kazi imara, lakini ndani yake kunakuwa na presha. Nyingi za hizi zinafanya kazi kwenye kama psi 40 (paundi kwa inchi ya mraba), na kwa presha hiyo maji yanafika nyuzi 140 hivi, siyo 100 kama ya sufuria. Valvu ya usalama juu ya boila inafunguka yenyewe ikizidi na inapiga kelele, watoto watacheka, waache wacheke kwa umbali. Kaka asije akaikaza ile valvu ili injini ipate nguvu zaidi, akifanya hivyo mnyang'anye.

Utaratibu wenyewe ni huu. Injini ikiwa ya baridi, mafuta kwanza, halafu maji, gesi ya mwisho. Gesi ni ile ya kopo ya majiko ya kambini, butane iliyochanganywa na propane, siyo kuja kuunganisha na mtungi wa jikoni. Wakati wa kujaza huwa inapuliza kidogo nje, kwa hiyo jiko, sigara na mshumaa viwe mbali. Tangi la gesi limepimwa liishe kabla ya maji, ndiyo maana usiongeze gesi mara ya pili bila kuangalia maji yamebaki kiasi gani, boila ikikauka huku moto unawaka umeiua.

Maji ya kisima cha Tanga hapana, yana chumvi na chokaa, yataacha ukoko ndani ambao huwezi kuufikia. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa vizuri au yale ya distiledi yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri, ila soma chupa, manake pale pale wanauza na asidi na watu wanaita vyote maji ya betri.

Mafuta sasa, hapa ndipo pananifurahisha mimi. Mwambie kaka akuonyeshe kile kichupa kidogo cha mafuta karibu na dereva. Hakina pampu. Mvuke unaingia kidogo, unapoa unakuwa maji, maji yanazama chini kwa sababu ni mazito, na mafuta yanapanda juu yanaingia tone kwa tone kwenye bomba la kwenda silinda. Mkimaliza mnakikamua, yanatoka maji, na mkiona maji yametoka mengi ujue mafuta yamekwenda kazini. Yawe mafuta mazito ya mvuke, siyo ya gari wala ya kupikia.

Ikiwashwa mara ya kwanza itatema maji ya moto kwenye bomba la moshi, kwa sababu silinda bado za baridi na mvuke unageuka maji humo. Aisukume taratibu mbele na nyuma mpaka iteme yaishe, usoni kwa mtu isielekee.

Nimenunua mnadani treni ya Hornby ya kuzungusha ufunguo, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, iko na boksi lake. Rangi safi kabisa lakini magurudumu yana nyufa nyembamba kama nywele na mengine yamevimba. Nipake gundi? Na itaambukiza zile zingine? – Mkusanyaji, Mombasa

Gundi haisaidii. Hiyo ni zinki ya kumimina iliyochafuka na risasi kidogo kiwandani, ikakaa miaka, ikaanza kujipasua kutoka ndani, na haina dawa. Haiambukizi, hiyo ondoa wasiwasi, ila joto na unyevu vinaiharakisha na Mombasa tunavyo vyote viwili. Usiizungushe tena kwa hayo magurudumu, gurudumu likifura linabana na spring inaharibu gia. Kuna watu wanauza magurudumu mapya ya kubadilisha, badilisha, na yale ya zamani weka kwenye bahasha ndani ya boksi. Usipake rangi mpya hata kidogo, na hilo boksi usilitupe, wakati mwingine linaulizwa kabla ya treni.

Treni yangu ya umeme inasimama simama na taa zinawaka zinazima. Transfoma ni ya Marekani. – Kijana, Dodoma

Mdogo wangu, kwanza hiyo transfoma ni ya volti 120, kwenye umeme wetu chomoa kabla haijanuka, tafuta ya 230. Halafu reli ni chafu, vumbi la Dodoma tunalijua. Kitambaa na spiriti, futa reli na magurudumu pia. Msasa usiguse, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu upya.

Yangu inatoa moshi kwa mafuta maalumu lakini siku hizi haitoi, nimejaza mpaka juu. – Morogoro

Ndiyo shida. Matone machache tu, ukijaza kile kiwaya cha joto kinazama na hakichemshi kitu. Igeuze kichwa chini juu ya kitambaa, imwage, halafu ujaribu upya.