Baba alipasukiwa na mshipa, je, nami nimo hatarini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yetu, miaka 71, aliamka alfajiri akilalamika tumbo na mgongo. Saa nne asubuhi alikuwa ameshafariki. Hospitali walisema mshipa mkubwa wa tumboni ulikuwa umetuna, ukapasuka. Akilala chali mkekani, wajukuu walikuwa wakikiona kitovu chake kinadunda, wanacheka. Majirani wanasema ametupiwa kitu. Alivuta sigara tangu ujana, na vidonge vya presha alimeza siku kichwa kinapouma tu. Mimi nina miaka 43, navuta pia. Je, ugonjwa huu unarithiwa? – M., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Hakuna aliyemtupia baba yenu kitu. Mshipa huo, aota, ndio unaoshusha damu kutoka moyoni hadi tumboni na miguuni. Upana wake tumboni ni kama sentimita 2. Ukifika 3 tunasema umetuna. Ni kama tyubu ya baiskeli: pale palipolika ndipo panapotoa nundu, na nundu ikikua, ngozi yake inazidi kuwa nyembamba.

Kinachoula mshipa huu kuliko vyote ni sigara. Nakwambia nikijua unavuta. Kisha presha, ambayo husukuma palepale palipochoka, usiku na mchana, kichwa kiume kisiume. Ndiyo maana vidonge vyake humezwa kila siku. Wanaume waliopita miaka 65 ndio hupatwa zaidi. Hata kaswende iliyokaa miaka mingi bila tiba huweza kuutunisha, lakini hiyo hupenda sehemu ya kifuani.

Kurithi kupo. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja alipata ugonjwa huu ana hatari kubwa kuliko wengine, ingawa si lazima umpate. Kaka zako wakubwa waanze wao kupimwa altrasaundi ya tumbo: haiumi, ni dakika chache. Mzee mmoja alinijia kwa shida ya mkojo, tukakuta aota ya sentimita 4. Aliacha sigara, tukawa tunampima kila mwaka. Kwa mwanaume, ikifika 5.5 ndipo tunazungumzia upasuaji.

Kuhusu kitovu, msijilaumu. Mtu mwembamba hudunda hivyo hata akiwa mzima. Ila ukimwona mzee mwingine hivyo, asikandwe tumbo, apelekwe kupimwa.

Wewe anza na sigara wiki hii. Ukishindwa peke yako, mwone daktari akusaidie, kisha uniandikie vipimo vya kaka zako vimesomaje.