Dua za Matralia

Mwanangu,

Barua yako imefika. Sisi wazima, ila goti la baba yako ni lile lile. Unauliza wanawake wa Roma ya kale, katika sikukuu ya Matralia, tarehe 11 Juni, kwa nini waliwapakata watoto wa dada zao na kuwaombea hao, badala ya wale waliowazaa. Je, hawakuwapenda wa kwao?

Kitabu ulichoniachia kinayo sababu. Ovid, mshairi wa Kirumi, anasema Mater Matuta, mungu wa kike wa sikukuu hiyo, ndiye Ino wa hadithi za Kigiriki, aliyemlea Bacchus, mungu wa mvinyo, mtoto wa marehemu dada yake Semele. Wanawe mwenyewe hawakuwa na bahati kwake. Haya, sababu ni hiyo. Mimi niliposoma nikamkumbuka bibi yako wa Pangani, mama mkubwa aliyenilea.

Siku ya wazazi shuleni, mwalimu alimtoa kwenye foleni mbele za watu. "Tunamtaka mama mzazi." Mama mzazi alikuwa kalazwa, unajua habari ile. Mama mkubwa kavaa kanga zake za Idi, akajibu, "Sawa, mwalimu," akaenda kusimama juani nje ya lango mpaka tukatoka. Na ada ya muhula ule ilitoka kwenye vitumbua vyake! Mpaka leo nikilikumbuka lango lile moyo unaniwaka. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Nimekwambia tangu mdogo na nitakwambia tena.

Kwa hiyo ningewasifu wale wanawake, nisingeona haya. Lakini wajakazi, yaani watumwa wa kike, walikatazwa kuingia hekalu la Mater Matuta. Mmoja tu aliingizwa, wakampiga makofi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasema ni kwa ajili ya Ino, aliyemwonea wivu mjakazi kwa sababu ya mumewe. Sasa, katika nyumba za wakubwa kule Roma, nani aliyekuwa akinyonyesha na kuogesha watoto, kama si wajakazi? Mtoto unamwombea, anayemlea unampiga kofi! Labda walidhani wanamlipia mungu wao machungu yake. Hapana, machungu ya Ino hayakuletwa na yule waliyemshika siku ile. Lakini desturi ni zao, na mimi nimesoma kitabu kimoja tu. Neno la kuwahukumu ninalo mdomoni, nalimeza kwa shida, maana msomi ni wewe.

Muulize mwalimu wako yule mjakazi alichaguliwaje, na kama mtoto wa dada yake naye alikuwa na wa kumwombea. Kisha uniandikie. Na bibi yako wa Pangani umpigie simu, anakuulizia.

Mama yako