Lori la taka hatarishi, Mbeya hadi Dar

Umeuliza njia salama ya kupitisha taka za kemikali kutoka Mbeya hadi Dar. Barabara kuu ni moja, kwa hiyo chagueni muda na mahali pa kusimama. Mteremko mkali wa Kitonga, mkoani Iringa, uteremkwe mchana, breki zikiwa zimekaguliwa kabla. Msilaze lori Msamvu, mjini Morogoro, wala karibu na soko lolote. Mlipuko wa lori la mafuta pale Morogoro, Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100. Kinachonitia hofu zaidi ni daraja la Ruvu: kemikali ikimwagika pale inaingia kwenye mto unaoinywesha Dar. Pale mwendo uwe mdogo, na dereva asijaribu kulipita gari jingine. Mchanga mkavu ubebwe, na dereva aijue namba ya Zimamoto, 114.